Mafuta ya Moyo

Kiswahili kimeutwisha moyo kazi nyingi mno. Tunapiga moyo konde, tunavunjika moyo, tunamkaribisha mgeni kwa moyo mkunjufu. Figo, masikini, sikumbuki hata msemo wake mmoja. Tunaikumbuka siku ikigoma kufanya kazi.

Ya baba yangu mdogo imegoma. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, na ukoo mzima tumegeuka wataalamu wa figo. Tunajua kreatinini yake imepanda au imeshuka, tunajua amekunywa vikombe vingapi vya maji. Moyo wake tuliutaja kwa ile maana ya kwenye kanga tu: jipe moyo.

Halafu akapimwa moyo kwa ultrasaundi. Daktari akatuonyesha utando juu ya misuli ya moyo, akasema ni mafuta, na yamezidi kidogo. Shangazi akacheka. "Mafuta yatoke wapi, daktari? Huyu si mifupa mitupu?"

Kwetu mafuta ni neema. Aliyenona mambo yake mazuri; aliyekonda anapewa pole. Lakini mafuta haya hayaonekani kwenye tumbo wala shavuni. Kila mtu anayo, na yakiwa ya kiasi ni rafiki: yanaukinga moyo na kuupa nishati. Mishipa inayoulisha moyo damu inapita humo humo, na kati ya mafuta na msuli hakuna ukuta. Yakizidi na kubadilika tabia, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na jirani wa kwanza kuzipokea ni mishipa hiyo. Watafiti wamekuta kwamba kwa wagonjwa wa figo utando huu mara nyingi ni mnene kuliko kwa wenye figo nzima, na kadiri unavyonenepa ndivyo hatari ya maradhi ya moyo inavyoonekana kupanda. Ongeza na presha, maji yanayobaki mwilini, na fosfeti inayosaidia kuifanya mishipa iwe migumu.

Wala uhusiano huu si habari mpya. Mwaka 1836, Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital jijini London, alichapisha taarifa za wagonjwa 100 wa figo, na mara nyingi mioyo yao ilikuwa mikubwa kuliko kawaida. Leo inajulikana kwamba wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla hata hawajafikia mashine ya kusafisha damu.

Mimi ni mwandishi wa habari, na tanzia ninazisoma kwa jicho la kazi. "Amefariki baada ya kuugua figo kwa muda mrefu." Sentensi fupi, safi, haina kosa la sarufi. Ila ndani yake umefichwa moyo ambao huenda hakuna aliyeuulizia.

Baba mdogo alisikiliza yote akiwa kimya, kisha akaniambia, "Sasa mwanangu, nyie mnahesabu maji yangu. Chumvi na presha anahesabu nani?"

Sasa tunavihesabu. Chumvi imetoka mezani, presha inaandikwa kwenye daftari asubuhi na jioni. Na kila kliniki, tukishamaliza habari za figo, mmoja wetu lazima aulize: na moyo je, daktari?