Kompyuta ya Nyumbani na Tuhuma za Haraka



Siku hizi katika nyumba nyingi kompyuta ni mali ya jamaa wote. Watoto huisomea, mama huandikia hesabu za biashara yake, na mwalimu wa madrasa kama mimi hupangia ratiba ya wanafunzi wake. Ndiyo maana ikiharibika, hasara huwa ya wote, lakini lawama aghalabu hutafutiwa mmoja.

Hayo yalitupata nyumbani kwetu Tanga. Kioo cha kompyuta kilikuwa kikizimika ghafula, kisha kikirudi na ilani ya kuwa draiva ya grafiki imeacha kuitika. Mara nyingine mashine nzima iliganda, na kazi isiyohifadhiwa ikapotea. Fundi mmoja akasema kadi ya grafiki imekufa, inunuliwe mpya; na bei yake ilikuwa sawa na ada ya muhula mzima. Jamaa wakamtuhumu mpwa wangu, kijana wa miaka 16, kuwa michezo yake ndiyo iliyoiua. Wakataka asiiguse tena, ilhali mtihani wake u karibu. Nikawaambia kuwa hapana hukumu kabla ya ushahidi.

Kwanza yafaa tujue draiva ni nini. Ni programu iliyo kati ya Windows na kadi ya grafiki, mithili ya mkalimani kati ya watu wawili wasiojuana lugha. Tangu Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 2007, kadi ikikaa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, Windows huisimamisha draiva na kuianzisha upya. Basi ilani ile haithibitishi ya kuwa draiva ni mbovu. Yasema tu kwamba jawabu halikuja. Sababu yaweza kuwa draiva mpya yenye kasoro, au joto, au vumbi, au umeme usiotosha, au kadi yenyewe.

Tukafungua daftari, tukaandika kila tukio: saa yake, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Windows nayo huweka kumbukumbu zake, na tukio la namna hii huandikwa kwa nambari 4101. Baada ya siku 8 tulikuwa na matukio 7. Yote yalitokea alasiri, kompyuta ikiwa imewaka zaidi ya nusu saa. Na katika 3 hapakuwa na mchezo wowote, bali dada yake kijana yule alikuwa akitazama masomo ya video.

Daftari lilielekeza kwenye joto. Lakini kuijaribu draiva hakuna gharama, kwa hiyo tulianza nayo: tukairudisha ile ya zamani, na kioo kikazimika vile vile. Ndipo tukapima joto. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Windows za karibuni huonyesha joto la kadi ya grafiki. Yetu ilifika nyuzi 94. Tukaizima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua sanduku, na tazama, vumbi limeziba feni! Tukalitoa kwa brashi laini, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke. Tangu hapo joto halikuzidi nyuzi 76, na kwa mwezi mzima ilani haikuonekana.

Enyi wazazi, nanyi vijana, badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, kwani ukibadilisha mawili hutajua lipi lililoponya. Draiva ichukueni kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta, wala si kwa kila anayeitoa. Kazi zenu zihifadhini mara kwa mara. Na kabla ya kutoa fedha au kumnyooshea mtu kidole, andikeni mliyoyaona. Fedha ikipotea hutafutwa tena, lakini kijana aliyeonewa na wakubwa wake hasahau upesi.