Ukioa Maktaba, Umeoa Ukoo

Watengeneza programu wana mwiko mmoja ambao hata wakaidi miongoni mwao wanauheshimu: usijitungie njia yako ya kusimba siri. Ukitaka programu yako izungumze na seva bila mtu wa njiani kusikiliza, chukua maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine na kupigwa msasa kwa miaka, uuunganishe na kazi yako. Hisabati yake ni ngumu, na makosa yake hayapigi kelele. Mwaka 2006, kwenye mfumo wa Debian, iliondolewa mistari michache ya maktaba ya OpenSSL kwa sababu chombo cha kukagua kumbukumbu kilikuwa kinailalamikia. Kazi zikaendelea kama kawaida. Ilikuwa Mei 2008 ndipo ilipotangazwa kwamba funguo za siri zilizotengenezwa na mashine zenye mfumo huo, kwa kila aina na ukubwa, zilikuwa zikichaguliwa kati ya 32,768 tu. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzizalisha zote na kuzijaribu moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo nilipotakiwa kuiongezea muunganisho salama programu yangu ndogo, inayotuma hesabu za bidhaa kutoka stoo kwenda seva, sikubishana na mwiko. Nilichojiuliza ni hiki: nichukue maktaba ipi, na inakuja na nani?

Wazee husema ukioa umeoa ukoo. Maktaba nayo haiji peke yake. Ukimkaribisha GnuTLS, nyuma yake anaingia Nettle, na Nettle anamshika mkono GMP. Kuna pia mambo ya leseni: kwa miaka mingi leseni ya OpenSSL haikuelewana na ile ya GPL, na wengi wakaikwepa kwa sababu hiyo tu, mpaka toleo la 3.0 lilipohamia leseni ya Apache mwaka 2021. Hayo nilimalizana nayo haraka. Kilichoninyima usingizi ni mashemeji.

Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye alichimba, akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, maktaba ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH, programu ya SSH inayolinda seva nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, haina haja hata kidogo na xz. Ila baadhi ya wasambazaji wa Linux walikuwa wameiunganisha na maktaba ya systemd, programu inayoziamsha huduma za mashine, ili iweze kuuarifu mfumo kwamba imeshaamka, na maktaba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimvuta xz. Mgeni aliingia kwa jina la shemeji wa shemeji.

Kinachonishangaza zaidi ni udogo wa huduma iliyofungua njia hiyo. Kuuarifu mfumo kwamba umeamka ni kutuma ujumbe mfupi tu, READY=1, kwenye soketi. Mistari michache. Toleo la OpenSSH la Julai 2024 lilikuja na mistari hiyo, imeandikwa na wenyewe, bila maktaba ya mtu.

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana hapa. Moja inasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nyingine inajibu kwamba mtegemea nundu haachi kunona. Mimi naona zote mbili zina haki, ila si kwa jambo moja. Kusimba siri ni nundu: tegemea, tena bila aibu. Kutuma neno moja kwenye soketi, au kupangilia tarehe, hicho ni cha ndugu ambacho ungeweza kukifanya mwenyewe kabla ya adhuhuri.

Ila kutegemea kuna upande ambao methali hizo hazikuugusa, nao ni hali ya huyo anayetegemewa. Aprili 2014, dosari iliyopewa jina la Heartbleed ilipotangazwa, mtu yeyote aliweza kuiuliza seva swali dogo la uongo na kujibiwa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, na humo mngeweza kuwamo nywila na funguo. Dunia ilikasirika. Ndipo wengi walipojua kwamba taasisi iliyokuwa nyuma ya OpenSSL ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kazi ile kutwa nzima. Mabenki yalikuwa yamejiegemeza hapo. Na xz je? Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Ufini, alikuwa ameandika hadharani mwaka 2022 kwamba nguvu zimempungua na kwamba kazi ile haina malipo. Watu wa majina yasiyojulikana wakazidi kumsukuma: mbona unachelewa, mpe mwingine. Huyo mwingine alikuwepo tayari, mpole, mchapakazi, akijiita Jia Tan; ndiye yule mgeni aliyekuja kuupandikiza mlango wa siri.

Nikisoma habari hiyo namfikiria dada yetu mkubwa. Kila ukoo unaye mtu wa namna hiyo: ndiye anayejua dawa za mama, anayekusanya michango ya harusi, anayekumbuka ada za watoto wasio wake. Akichelewa kidogo simu zinaanza. Nimeshapiga simu hizo mimi pia, na najua huanza vipi: salamu mbili, kisha ombi. Siku hizi nampigia nikiwa sina shida. Mwanzoni alishtuka, akauliza nani amefariki.

Programu yangu ilipata OpenSSL iliyomo tayari kwenye mfumo wa mashine, si nakala ya kufungasha ndani. Ikitokea dosari, watunzaji wa mfumo watairekebisha bila kunisubiri mimi. Maktaba ya kupangilia tarehe iliyokuwemo niliitoa. Gharama ya kutegemea OpenSSL ya mfumo niliiona upesi: stoo moja ina mashine ya zamani yenye OpenSSL 1.0.2, toleo lililozihangaisha seva nyingi Septemba 30, 2021, cheti cha mzizi kilichotegemewa na Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya kuthibitisha seva, kilipokwisha muda. Mashine hiyo inakataa kuunganika. Mwenye stoo alinishauri niizime tu ile hatua ya kukagua cheti, maana, alisema, mbona zamani hesabu zilikuwa zinafika. Nilimweleza kwamba bila ukaguzi huo programu itasimba hesabu zake vizuri kabisa na kumkabidhi yeyote atakayejiita seva. Amekubali kununua mashine nyingine mwezi ujao, kwa shingo upande, na hadi leo hesabu za stoo hiyo zinaletwa na kijana wa bodaboda kwenye fleshi.