Siku Moja Ziwani

Katika nchi ya Japani wanafunzi wa shule za msingi wana desturi njema. Siku moja huacha vitabu, hufunga chakula chao, hutoka na mwalimu kwenda kutazama mlima au mto ulio karibu na mji wao. Hawaendi mbali. Mtoto wa Bunia naye hana haja ya kwenda mbali. Liko pango la Matupi katika mlima Hoyo, ambamo watu walikaa maelfu mengi ya miaka iliyopita. Lakini safari iliyo nzuri kupita zote ni ile ya kuteremka ziwani, Kasenyi, njia ikiwa na amani. Si kila mwaka imekuwa nayo.

Gari huondoka alfajiri, wakati wa baridi. Karibu nusu ya njia ni Bogoro. Hapo wakubwa hunyamaza. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hiki kilishambuliwa, wakauawa watu wengi, wazee na watoto pamoja. Mwaka 2014 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu mkuu mmoja wa wapiganaji kwa makosa hayo. Wapitao husema Baba Yetu kwa ajili ya marehemu, kisha huendelea.

Mbele ya Bogoro nchi huanguka ghafula. Bunia iko juu, karibu meta 1,275. Ziwa liko meta 620 hivi tu. Gari hushuka likizunguka, masikio huziba, na joto huzidi kila kona. Mara, tazama! Ziwa Albert hung'aa kule chini kama bati jipya. Urefu wake ni kilometa 160 hivi, na upana 30 hivi. Ng'ambo ni Uganda. Mwingereza Samuel Baker alilipa jina hilo mwaka 1864, lakini Wanyoro walikuwa na jina lao, Mwitanzige, maana yake muua nzige.

Watoto huvua viatu na kuingia majini mpaka magoti. Maji yale hutoka upande wa kaskazini, huwa mto Nili, hupita Sudani Kusini na Sudani, hufika Misri, nchi ile ambako Mtakatifu Yosefu alimkimbiza Mtoto Yesu.

Kisha huja soko la samaki, na hapo ndipo pa kukawia. Wako kapiteni wakubwa, wabebwao na watu wawili. Kapiteni akiachwa akue, aweza kupita uzito wa mtu. Lakini kando yao huwa mafungu ya samaki wadogo, hawapiti kidole. Wamevuliwa kwa nyavu za matundu madogo, nyingine ni vyandarua vya mbu. Serikali imezikataza nyavu hizo, nazo hutumika usiku.

Mtoto mmoja alimwuliza mama muuzaji, "Mama, mbona hawakuachwa wakue?"

Mama alicheka kidogo. "Mwanangu, baba yao wa nyumbani kwangu huvua anachokipata. Asipovua yeye, atavua jirani. Nawe asubuhi hii umekula?"

"Nimekula, mama."

"Wangu bado."

Mtoto hakujua la kujibu. Mwalimu alinunua fungu moja, akalifunga katika jani la mgomba. Saa tisa gari likaanza kupanda.