Yeye Alifuata Mpira Kigali, Mimi Nilikuwa na Barua

Kama mwandani wako ni mgonjwa wa mpira, unajua kuwa kupanga likizo ni mtihani. Wewe unawaza Nungwi, ufukwe na madafu, mwenzako anawaza ratiba. Julai 2019 mimi na mume wangu tuliumaliza ubishi huo kwa njia ambayo, nikiikumbuka leo, haikuwa ya haki kwake. Nilimwambia: twende Kigali tukaangalie Kombe la Kagame. Alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Akaniambia mke kama mimi hapatikani tena Dar nzima.

Sikumwambia kuwa ndani ya pochi yangu kulikuwa na barua.

Barua yenyewe ilitoka kampuni moja ya Kigali. Walikuwa wananipa kazi, mkataba wa miaka miwili, na walitaka jibu kabla mwezi haujaisha. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimemdokeza mume wangu kuwa nimeomba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mimi nimfuate mke kazini? Mama nitamwambiaje?" Halafu, kama kawaida yake mazungumzo yakianza kuwa mazito, akamalizia na utani: "Na huko Kigali kuna Yanga?" Tukacheka, yakaishia hapo. Kumbe kwangu hayakuishia.

Kwa wale ambao mpira si dini yenu, ngoja niwape kwa ufupi. Hili ni kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, chini ya CECAFA. Lilianza mwaka 1974, na bingwa wa kwanza alikuwa Simba (naomba mlikumbuke hilo, mimi ni Simba). Mwaka 2002 Rais Paul Kagame wa Rwanda alianza kulidhamini na likachukua jina lake. Bingwa alikuwa akiondoka na dola 30,000, wa pili 20,000 na wa tatu 10,000. Si hela za Ulaya, lakini raha ya kombe hili haiko kwenye hela. Raha yake ni kwamba ndani ya wiki mbili unawaona Waganda, Wakenya, Warundi, Wasudani na wageni waalikwa kutoka Kongo na Zambia, wote mji mmoja, wanabishana kwa Kiswahili cha kila namna. Simba wamelibeba mara sita, Yanga mara tano. Ya nne kati ya hizo tano ninaijua vizuri mno, maana nilikuwepo.

Ilikuwa Julai 2011, Uwanja wa Taifa, ambao tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Fainali ya Kagame, Yanga na Simba. Dakika tisini bila bao, zikaja za nyongeza, Kenneth Asamoah akatufunga. Nilikuwa nimekuja na kaka yangu, nikakaa nimejiinamia na skafu yangu nyekundu, na kijana mmoja mwenye jezi ya kijani akaninunulia maji. Hakuniambia pole. Alisema, "Kunywa dada, bado mnalo la 1974." Nilimchukia kwa wiki nzima. Miaka mitano baadaye alinioa.

Kwa hiyo unaona, kombe hili kwetu lina historia. Ndiyo maana nililitumia.

Mwaka ule wa 2019 Simba na Yanga hazikwenda. Tanzania ilikuwa na Azam, waliokuwa wakitetea ubingwa walioupata 2015 na kuurudia 2018. Mume wangu aliposikia kuwa Yanga haimo akanywea, nikaogopa safari imekufa. Lakini usiku akarudi na hoja yake mwenyewe: "Azam nao ni watoto wa nyumbani." Nikapumua.

Tulipanda basi Ubungo alfajiri. Ndege ipo, na kama mfuko unaruhusu ni chini ya saa mbili tu angani, ila sisi tulikuwa tunajibana. Barabarani ni kama kilomita 1,400. Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, halafu Kahama tukalala. Wapenzi, nawaambia ukweli: kama unataka kumjua mtu uliyenaye, panda naye basi siku mbili. Mume wangu ni mtu wa kugawa. Kila alichonunua dirishani, karanga, mahindi, vitunguu vya Singida (sijui alivinunulia nini, tulikuwa tunakwenda ugenini!), aliwapa na majirani. Mimi muda wote nimeibana pochi kama nimebeba dhahabu. Aliniuliza mara mbili, "Una nini wewe?" Nikamjibu kuwa kiti kinaniumiza mgongo.

Rusumo ndipo safari inapoanza kuwa safari. Unashuka, unavuka na pasi yako ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chini ya daraja maji ya Kagera yanaporomoka kwa kishindo cha kukunyamazisha. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008 na hawana mzaha nayo. Vile vitunguu vya watu vilivuka vimefungwa kwenye khanga yangu. Ukishavuka, gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa yako unairudisha nyuma saa moja. Mume wangu akasema nchi gani hii inayokupa saa ya bure. Nikasema moyoni, kumbe ameanza kuipenda.

Kigali ni vilima. Usiku taa zimetapakaa juu na chini mpaka hujui zipi ni nyumba na zipi ni nyota. Kuna baridi, kwa hiyo beba sweta, usije ukajifanya mtu wa Dar. Pikipiki ndizo daladala zao, na dereva hakuchukui mpaka uvae helmeti. Usafi wa barabara mmeshausikia hadi mmechoka kwa hiyo nauacha.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeona filamu, lakini kuna chumba cha picha za watoto, na chini ya kila picha wameandika alichokuwa anapenda kula na rafiki yake alikuwa nani. Mume wangu alitoka kabla yangu. Nilimkuta nje amekaa kwenye ukingo wa bustani, na huyu ni mtu ambaye huwa haishiwi maneno. Dereva wa teksi aliyeturudisha alitupitisha Remera na kutuonyesha Uwanja wa Amahoro. Maana yake ni amani. Mwaka 1994 maelfu ya watu walijificha mle ndani chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo Kigali unapoambiwa kuwa uwanja ni nyumbani kwa watu, usidhani ni maneno ya ushabiki.

Jioni tukaenda Nyamirambo, na hapo ndipo mume wangu alipofufuka. Nyamirambo ni mtaa wa Waswahili wa Kigali. Misikiti, vinyozi, mafundi cherehani, muziki unatoka kila mlango, na Kiswahili kimekaa pale tangu enzi za Wajerumani, hata kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Tuliagiza mishikaki ya mbuzi, ile yao minene ya kushiba, na ndizi za kuchoma na kichupa cha Akabanga, pilipili ya matone. Tone moja linatosha. Yeye alimimina kama sosi ya nyanya, akatoka machozi mbele za watu. Vijana wa meza ya pili wakacheka, wakamkaribisha, na ndani ya dakika kumi ubishi umeshawaka. Wale walikuwa Rayon Sports, jezi bluu, timu wanayoiita Gikundiro, yaani kipenzi. Wakamweleza kuwa watani wao APR ni timu ya jeshi, na kwamba Rayon walilibeba Kombe la Kagame mwaka 1998 kulekule Zanzibar, "kwenu, kaka". Akawajibu kuwa Zanzibar wana timu yao ya taifa, wasichanganye mambo. Nilimwangalia nikajisemea: mtu huyu atapata marafiki hata umtupe mwezini.

Basi nikaona ndiyo saa yenyewe. Tukahamia kwenye kibanda cha maziwa, maana Kigali kuna baa za maziwa, mnakunywa mgando bila kujificha. Nikaitoa barua.

Aliisoma mara moja. Akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ileile.

"Kwa hiyo mpira ulikuwa chambo," akasema.

Nikamwambia hapana. Akaniambia, "Sema kweli, mke wangu." Nikasema ndiyo.

Wasomaji, naomba nisiwadanganye. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniambia kuwa kazi haikuwa imemuuma, wala mama yake, wala kumfuata mke. Kilichomuuma ni kwamba nilikaa naye kwenye basi siku mbili, nikala karanga zake, na muda wote nilikuwa nampima kama mtu anayepima shamba. "Ungeniambia Dar ningekasirika," alisema, "lakini ningekasirika nikiwa kwangu." Sikuwa na jibu. Bado sina. Marafiki zangu wengi walisema nilicheza akili. Mimi naona nilikuwa mwoga tu, nikautafutia uoga wangu tiketi ya mpira.

Fainali ilikuwa Jumapili, tarehe 21 Julai, uwanja wa palepale Nyamirambo, ambao sasa unaitwa Kigali Pelé. Azam na KCCA ya Uganda. Tulikwenda, kwa sababu ilikuwa heri kukaa kimya kwenye kelele kuliko kukaa kimya hotelini. Ni uwanja mdogo uliokaa mtaani, na juu yake kuna kilima kirefu ukiangalia upande ule. Waganda walikuja na matarumbeta. Wanyarwanda, timu zao zote zikiwa zimeshatolewa, waligawanyika tu kwa starehe. Na sisi Watanzania wachache tulijikuta tumekaa pamoja, wa Simba na wa Yanga, tunaishangilia Azam kama vile tumezaliwa Chamazi.

Kipindi kizima cha kwanza hakuniongelesha. Mustafa Kizza alipotufunga, nilisimama nikapiga kelele ya uchungu, ya kweli kabisa, maana nadhani nilikuwa nalia mambo mawili kwa pamoja. Nikakaa nimejiinamia. Mpira ukaisha bao moja kwa bila, KCCA bingwa kwa mara ya pili, ya kwanza ilikuwa 1978, na Waganda wakawa wanakumbatiana na watu wasiowajua.

Nikaona chupa ya maji imesogezwa mbele yangu.

"Kunywa," akasema. "Kumbe hata wakicheza Azam mnafungwa."

Jumatatu nilikwenda kuonana na wale watu wa kampuni. Alinisindikiza hadi getini, na kwa mara ya kwanza akaniuliza maswali ya maana: nyumba itakuwaje, nauli za kwenda na kurudi nani analipa, mkataba ukiisha je. Barua niliisaini wiki iliyofuata, nikiwa Dar, mezani kwetu, yeye amekaa mbele yangu. Mama mkwe tulimwambia pamoja. Hilo sitalielezea leo, linahitaji toleo zima.

Nilitangulia mimi. Miezi ya mwanzo tuliishi kwa simu, na simu si ndoa, yeyote aliyejaribu anajua. Yeye aliacha kazi, akaja Machi 2020 na masanduku mawili, wiki mbili kabla Rwanda haijafunga watu ndani kwa sababu ya korona. Tulikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili Nyamirambo, hana kazi, hana mpira wa kuangalia, na mimi nafanyia kazi kwenye meza ya chakula. Tuligombana hadi tukaishiwa sababu. Tulijifunza pia kupika mbuzi kwa Akabanga, tone moja. Viwanja vilipofunguliwa alikuwa ameshakuwa mtu wa Rayon damu, na mimi, kwa kuwa kazini karibu wote walikuwa APR, nikawa APR. Hatujui tulifanyaje, lakini tulifanikiwa kuhamisha utani wetu mzimamzima na kuupeleka nchi nyingine.

Tumesharudi Dar. Na Julai 2024 Kombe la Kagame likatufuata nyumbani. Fainali, tarehe ileile 21, Uwanja wa KMC, Mwenge: APR ya Rwanda dhidi ya Red Arrows, timu ya jeshi la anga la Zambia walioalikwa. Nilivaa nyeusi na nyeupe. Mume wangu, Mtanzania mwenzangu, aliyekula mkate wa Wanyarwanda, alivaa bluu ya Rayon na akakaa na Wazambia. Moja kwa moja. Penalti zikapigwa hadi nikapoteza hesabu, na zilipoisha ilikuwa 10-9, Red Arrows bingwa. Nilimwona ng'ambo ya jukwaa amebebwa na watu asiowajua hata majina.

Alinikuta getini. Hakuwa na chupa ya maji safari hii. Nilimwambia nyumbani hakuna chakula, na sikuwa natania, tukasimama Mwenge kituoni tukila chipsi mayai kwa hela yake, anaimba nyimbo za Wazambia ambazo hazijui.