Nimegeuza na Ndege!

Wewe unageuza na daladala upate kiti. Mie nimegeuza na ndege! Desemba 2013, Chicago mpaka Los Angeles, maili 1,744. Nikashuka, nikanywa kahawa, nikarudi na ndege ileile. Bahari sikuinusa. Nilikuwa nawinda maili za zawadi: ukijaza kibubu, shirika linakupa tiketi, unalipa kodi tu. Na bi mkubwa kule Temeke tulikuwa hatujaonana miaka sita.

Mhudumu akanikodolea: "Si wewe tuliyekuja naye?" Mshikaji ninayekaa naye akasema nimechizika. Lakini aliyenimaliza ni mama kwenye simu.

"Huko kuna msiba?"

Hakuna, mama.

"Harusi?"

Hakuna.

Kimya. "Sasa nauli hiyo si ungenitumia mie?"

Nikameza maneno, maana sapraizi ni sapraizi.

Siku hizi mchezo huo umebanwa. Delta na United tangu 2015, American tangu 2016, wanahesabu dola ulizotoa, siyo umbali. Mie niliwahi. Mama alitua Mei 2014, na mpaka leo akinitambulisha kwa wageni anasema: "Huyu ndiye yule aliyepanda ndege asiende kokote."