Kamba, Vigingi na Majivu

Majivu yalikuwa bado ya moto alipofika. Kijiji kile kiko kando ya barabara itokayo Kolwezi kwenda Mutshatsha, na moto wa pori ulikuwa umepita jana yake mchana, mwishoni mwa mwezi wa nane, wakati nyasi zimekauka hadi zinavunjika mkononi. Nyumba kumi na moja zilibaki kuta tupu. Mbele ya mojawapo mama wa makamo alikalia beseni lililopinduliwa. Kando yake sufuria mbili, jembe lililoungua mpini na kichwa cha cherehani kisicho na meza. Kijana aliyetumwa na wajomba zake kwa kuwa "amesomea nyumba" akachuchumaa, akapiga makofi polepole kama impasavyo mdogo mbele ya mkubwa aliyefikwa na msiba. Mama akamwuliza swali moja tu.

"Mwanangu, nianzie wapi?"

Hakuwa na jibu. Alikuwa na miaka 26, na alichokijua ni kuchora ofisi, maghala na nyua za makandarasi wa migodi. Miaka karibu ishirini ya usanifu majengo iliyofuata, kiangazi baada ya kiangazi, aliitumia kulitafuta.

Alizaliwa Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines, miaka michache baada ya vita vya Kolwezi vya Mei 1978. Nyumba za kambi zilikuwa za matofali, zimejipanga mistari iliyonyooka, na kioo kikivunjika mwenye nyumba hakutafuta fundi: alikwenda kuandikisha ofisini, kampuni ikatuma wake. Kisha Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, uzalishaji ukashuka mwaka hata mwaka, mishahara ikawa ya kungojewa. Aliwaona wazee waliotumika miaka thelathini wakisimama chini ya paa linalovuja, hawajui bati hununuliwa wapi wala hupigiliwa vipi, kwa sababu maisha yao yote mtu mwingine ndiye aliyeijua nyumba yao. Hapo ndipo alipoamua kusomea ujenzi.

Yule mama alimchorea nyumba ya vyumba vinne yenye baraza. Karatasini ilipendeza. Familia ikauza mbuzi, ikanunua saruji ya msingi mpana, ikapandisha kuta za tofali mbichi hadi usawa wa madirisha, pesa zikaisha. Mvua za Lualaba hushika Novemba, na haziachi hadi Aprili. Kufika Krismasi, kuta zisizo na paa zilikuwa zimelainika na kuanguka, pembe moja baada ya nyingine. Mama na watoto wake wakalala msimu mzima chini ya turubai. Hakumlaumu. Alimkaribisha bukari na mboga kama siku zote, na kwa yule kijana ukarimu huo ulikuwa mzito kuliko tusi.

Tangu hapo, kabla hajashika penseli, huhesabu majuma yaliyobaki kabla ya mvua. Moto ukipita mwishoni mwa Agosti, kuna majuma kumi hivi. Swali analomwuliza mwenye nyumba si vyumba vingapi anavitaka, bali pesa iliyopo inaweza kuezeka kitu gani. Mara nyingi jibu ni chumba kimoja kikubwa chenye paa imara, na ukutani matofali yaachwe yakichomoza kama meno ili chumba cha pili kije kushikana nacho mwakani.

Alirudi kwa mama kiangazi kilichofuata, safari hii bila karatasi. Alichukua kamba ya katani, vigingi na nyundo. Wakaichora nyumba juu ya ardhi kwa ukubwa wake kamili: kamba ndiyo ukuta, nafasi kati ya vigingi viwili ndiyo mlango.

"Mama, ingia kama unavyoingia kila jioni ukitoka shambani."

Mama akajitwika beseni tupu, akapita "mlangoni", akasimama katikati. Akageuka huku na huku. "Sasa mbabula yangu itakaa wapi mvua ikinyesha?" Msanifu alikuwa amelisahau jiko la makala. Mama akang'oa kigingi kwa mkono wake, akahesabu hatua saba upande ule upepo unakoelekea, akakikita tena. Hapo ndipo jiko lilipojengwa, limejitenga na nyumba, na cheche zake zikiruka haziendi paani. Kwa vijana waliokuja kujifunza kwake baadaye, somo la kwanza limekuwa hilo: mwenye nyumba hutembea ndani ya ramani kabla ya tofali la kwanza.

Kazi nyingine ni kusoma kilichobaki. Aliyeunguliwa hutaka ama kubomoa kila kitu, ama kurudisha paa juu ya kuta zilezile kesho yake. Yote mawili yanaweza kumtia hasara. Paa la nyasi huwaka na kwisha upesi, kwa hiyo ukuta wa udongo mara nyingi hupona. Kinachoteketea ni mbao iliyo juu ya mlango, na matofali iliyoyabeba hubaki yakining'inia juu ya vichwa vya watoto. Tofali la kuchoma hugongwa kwa nyundo ndogo: zima hulia, lililopasuka ndani hutoa sauti butu. Zege likipata joto la zaidi ya nyuzi 300 mara nyingi hugeuka rangi ya waridi, na nguvu yake haiaminiki tena. Zinki inayolikinga bati dhidi ya kutu huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi. Aliwahi kumkuta baba mmoja akisugua mabati yake yaliyofifia kwa mchanga, bati baada ya bati, tangu alfajiri. Yalikuwa yamenyooka, lakini mng'ao umekwisha, na mvua chache zingeyala. Alikaa naye hadi jua likapinda, wakakubaliana yawe uzio wa bafu, na pesa ndogo iliyopo inunue mabati mapya ya chumba kimoja.

Kwa nini nyumba moja huungua na ya jirani ikabaki? Mtafiti Jack Cohen wa Idara ya Misitu ya Marekani alionyesha kwamba mara nyingi si ukuta wa moto unaoteketeza nyumba. Ni cheche zinazopeperushwa na upepo, pamoja na vitu vinavyowaka vilivyo karibu, ndani ya mita 30 hivi. Msanifu aliposoma hayo aliwakumbuka akina mama wa vijijini wanaofagia uwanja kila asubuhi hadi udongo unang'aa. Uwanja ule ni kinga. Kinachoiharibu ni kuni zilizoegemezwa ukutani, magunia ya makala chini ya dirisha, na upenyo kati ya ukuta na bati unaopitisha cheche hadi darini. Kuuziba upenyo huo kwa udongo na wavu wa chuma hugharimu kidogo, na sasa kumo katika kila ramani yake.

Matofali ya huku hutoka kwenye vichuguu, vile vikubwa vya Katanga ambavyo vingine hupita mita 5 kwenda juu. Kwa udongo huohuo mababu walioitwa "wala shaba" walijenga tanuru zao za kuyeyushia madini, wakamimina misalaba ya shaba. Ni udongo unaoujua moto. Lakini tanuru la matofali hula miti mingi, makala ya mjini nayo huongeza, na miti ikikatwa nyasi hutawala, na nyasi ndizo zinazobeba moto. Ndiyo maana msanifu hupendelea matofali ya kuchoma kwenye msingi na safu za chini tu, juu yake tofali mbichi zilizokauka vizuri, na paa lililotokeza mbali nje ya ukuta.

Pembezoni mwa mji huungua karatasi pia. Cheti cha usajili wa kiwanja kikiteketea, wengi hudhani ardhi imekwenda nacho, ilhali kumbukumbu hubaki kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Ofisi moja iliwahi kumrudisha mjane mara nne. Mara ya tano msanifu alikwenda naye, na ramani iliyopimwa upya mkononi. Vijijini, ambako ardhi iko chini ya chifu, huchora mipaka mbele ya majirani wa pande zote na kila mmoja huweka alama yake.

Malipo ya ramani yalimsumbua muda mrefu, maana aliyepoteza kila kitu hawezi kulipia mchoro. Mfano aliupata mbali. Baada ya mioto ya 7 Februari 2009 huko Victoria, Australia, iliyoua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000, wasanifu walitoa michoro ya nyumba bure. Altadena, California, ambako moto wa Januari 2025 uliharibu majengo zaidi ya 9,000, wasanifu wameandaa katalogi ya ramani zinazoidhinishwa mapema ili wenye nyumba wasianze na karatasi tupu. Yeye anazo ramani tatu, za chumba kimoja kinachoweza kuongezwa, na nakala huziacha kwa chifu wa kila kijiji anachopita.

Siku hizi safari zake huanza Mei, kabla ya moto. Ng'ambo ya mpaka, Ndola nchini Zambia, majaribio yaliyoanza mwaka 1933 yalionyesha kwamba msitu unaochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi hugeuka nyasi, bali ule unaochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, miti yake hubaki. Basi huwaomba wanakijiji wachome mkanda kuzunguka makazi mapema, jioni upepo ukitulia.

Mei iliyopita, kwenye kijiji cha barabara ya Mutshatsha, aliyewasha shungi la kwanza la nyasi alikuwa yule mama, sasa bibi, tawi la majani mabichi mkono wa pili. Nyuma yake nyumba ina vyumba viwili, na mlangoni cherehani imewekewa meza mpya. Kwenye ukuta wa mashariki matofali bado yamechomoza kama meno, yakingoja chumba cha tatu.