Aibu Ndiyo Inatumalizia Wiki Tatu

Huku mainland, iwe Likoni, Kisauni ama Changamwe, mtu akiumwa kichwa wiki nzima majibu ni yale yale: meza Panadol, meza dawa ya malaria, ama "huyo kashaingiliwa".

Skizeni wasee. Kuna fangasi anaitwa kriptokokasi. Anakaa kwenye mchanga na mavi ya njiwa, tunamvuta na hewa, na kinga ikiwa imara wala humjui. Lakini kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye CD4 zimeshuka sana, anaingia kwenye damu, anapanda mpaka utando wa ubongo. Kichwa kikianza kuuma, mwenyewe keshafika.

Sasa, anapokuja huwa anaacha alama kwenye damu, inaitwa antijeni. Watafiti Uganda waliripoti mwaka 2002 kuwa alama hiyo huonekana kama wiki tatu kabla ya dalili. Kipimo ni kikaratasi kama kile cha mimba: tone la damu, dakika kumi, umejua.

Na si maneno matupu. Dar es Salaam na Lusaka walifuatiliwa watu karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200. Kundi lililopimwa antijeni na kutembelewa nyumbani wiki za kwanza za dawa, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Hiyo ilichapishwa 2015.

Ikitoka positivu, daktari atataka maji ya mgongo. Najua mtaani sindano hiyo inaogopwa, lakini ndiyo inayoonyesha kama fangasi kafika kichwani. Hajafika? Tembe za flukonazoli zinaweza kumzuia. Kafika? Hapo ni wodi na dawa za mshipa.

Kwa hivyo shida yetu kubwa, kwa maoni yangu, ni aibu. Mtu anavuka feri kuchukua dawa mbali ili jirani asimwone, siku akikosa nauli anakaa nyumbani. Zile wiki tatu zinaishia hapo.

Mimi niliacha chuo, si daktari. Ila tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema CD4 chini ya 100 lazima upimwe, na hata chini ya 200 inafaa. Kama ni wewe, ama ni mtu wako, uliza kliniki leo: "Antijeni ya kriptokokasi nishapimwa?" Usingoje kichwa kikuulizie.